Hodi kwa Mchunga Kondoo

1

Siku ya kumi na nane Velasko aliwaambia kondoo wake habari zangu.

Nilikuwa nimevaa kofia ya mtambo tangu saa mbili asubuhi. Lushoto ilikuwa na ukungu na mvua nyembamba, lakini kule kwa Velasko jua lilikuwa limeshaanza kuchoma mawe, nami nililisikia juu ya shingo yake kana kwamba shingo ile ilikuwa yangu. Ndivyo upenyo, tundu letu la kuingilia zamani, unavyofanya kazi. Msikizi huona anachokiona mwenyeji wake, husikia anachokisikia, huhisi joto na kiu na uzito wa mzigo. Mawazo tu ndiyo hayavuki. Ukitaka kujua mtu yule anawaza nini, lazima usubiri hadi aseme kwa mdomo wake.

Kwa bahati Velasko alikuwa mtu wa kusema. Alichunga peke yake kwenye milima iliyotenganisha nchi ya mfalme wa Kastilia na nchi ya watawala Waislamu waliokuja kutoka Maghribi, mwaka 1212 kwa hesabu ya watu wake. Mtu asiye na jirani huongea na kondoo. Lugha yake nilijifunza kwenye vitabu kwa miaka kumi na moja, bila mwalimu, nikiwa bado natengeneza redio sokoni, na mpaka leo sidhani kuwa naitamka sawasawa. Kuielewa naielewa.

Siku hiyo alikaa kwenye kivuli cha mwamba, akamega mkate mkavu, akamwambia kondoo dume mmoja, "Yule mwanamke amekuja tena leo."

Nilingoja ataje jina la mwanamke huyo. Hakukuwa na mwanamke yeyote pale. Tangu alfajiri hakukuwa na mtu kabisa.

"Anauliza mara tatu," Velasko akaendelea huku akitafuna. "Kama mtu aliyesimama nje. Simjibu kwa sababu sijui mlango uko wapi."

Nikavua kofia.

Shemdoe, fundi wa mitambo yetu, alikuwa mezani pake anakwangua kutu kwenye koleo. Yeye na mimi ni watu wa rika moja, tumefanya kazi pamoja tangu kituo kilipofunguliwa. Aliniuliza kama jiwe limechoka mapema. Nikamwambia jiwe ni zima, ila mwenyeji amenisikia. Akacheka kwanza. Kisha akaniangalia usoni, akaweka koleo chini.

"Amekusikia ukisema nini, dada?"

"Hodi," nikamwambia.

2

Neno hilo halimo katika kitabu cha taratibu za kituo. Nimekisoma chote, nikakipiga mstari. Msikizi wa kwanza kabisa, mwanamke wa Pangani ambaye sasa ni marehemu, alipovaa kofia siku ya kwanza alisema hodi mara tatu, na walioshuhudia wakaona ni sawa. Sisi tuliomfuata tukafanya hivyohivyo. Hakuna aliyeamriwa. Shemdoe ndiye aliyewahi kumjibu mgeni mmoja kutoka Baraza linalosimamia kituo chetu aliyeuliza maana ya kitendo kile: "Mzee, unaingia kwenye mwili wa mwenzio, hata hodi usipige?"

Tuliamini kuwa upenyo ni wa upande mmoja. Wakubwa zetu waliopima walisema hivyo, na sisi hatukuwa na sababu ya kubisha. Basi hodi ilikuwa adabu tu, kama mtu anavyowasalimu waliolala makaburini.

Ilituchukua siku nzima kuliona kosa. Kofia ina vibonye viwili vinavyokaa kwenye mifupa ya taya. Kazi yake ni kuusoma mwili wa msikizi ili mtambo ujue kikohozi kipi ni chake na kipi ni cha mwenyeji, uvitenganishe. Shemdoe alivifuata vibonye vile waya kwa waya. Jioni aliniita akanionyesha kwamba mtetemo wa taya hauishii kwenye kipimo, unakwenda mbele hadi kwenye jiwe lenyewe. Alijaribu kuvitoa. Picha ikaja imechanganyika: nilikuwa na miguu minne na mioyo miwili, nikatapika. Akavirudisha.

Nilirudi kwenye daftari langu la kumbukumbu, na hapo ndipo nilipoona jambo baya zaidi.

Tulikuwa na mawe saba. Yalitoka katika milima ile ile, kila moja limepigwa na radi zamani sana na lina chuma ndani, na aliyeyakusanya aliyaweka kwenye masanduku na kuyapa namba kadiri alivyotembea, moja mpaka saba. Jiwe hufungua upenyo mahali pale lilipokuwa. Likitumika siku tatu huchoka, inabidi lipumzike. Mwenyeji akishazoeleka, jiwe lingine lililo jirani humpata, ila akiwa mbali nalo sauti na picha huwa hafifu, akilisogelea hung'aa.

Mimi nilianza na sanduku la kwanza. Lilipochoka nikachukua la pili, kisha la tatu. Sikuwa na sababu nyingine isipokuwa kwamba mbili hufuata moja. Daftari langu lilionyesha kuwa kila nilipobadili jiwe, picha ilikuwa hafifu asubuhi, na kufikia alasiri iling'aa. Nilikuwa nimeandika pembeni, kwa wino wa buluu: *Mwenyeji anahama kwa hiari. Huenda majani ni mazuri zaidi huku.*

Hayakuwa majani. Velasko alikuwa anaifuata sauti.

Nikatandaza ramani, nikaweka punje za maharage mahali pa mawe sita niliyokwisha kuyatumia. Zilijipanga mstari kutoka bonde la kaskazini, zikapita nyuma ya kilele, zikashuka upande wa kusini. Hakuna genge kubwa, hakuna korongo. Njia nzuri kabisa ya kupitisha mtu.

"Au farasi," alisema Shemdoe.

Sote wawili tulikuwa tumesoma habari za vita ile. Huwezi kufanya kazi kituoni bila kuisoma. Wafalme watatu wa Kikristo waliokuwa wakigombana wenyewe kwa wenyewe waliungana kwa wito wa Papa wa Roma, wakateremka na jeshi kubwa kupigana na watawala Waislamu. Walipofika milimani wakakuta kipito kimefungwa. Simulizi za zamani zinasema mchunga kondoo mmoja aliwaonyesha njia nyingine isiyojulikana na mtu. Hazisemi yeye aliijuaje.

3

Mkuu wetu wa kituo, Dakta Nsajigwa, ni mtu wa Tukuyu, na kila siku hulalamika kwamba chai ya Lushoto ni maji yaliyotishwa kwa majani. Siku hiyo hakulalamika. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nimweleze tena kuanzia mwanzo, na mara ya pili aliandika.

Alitaka kwanza kujua Velasko yuko wapi sasa. Nikamweleza niliyoyaona asubuhi ileile, kabla sijaja kwake, nilipoingia bila hodi kwa jiwe la pili. Velasko alikuwa amerudi bonde la kaskazini kuuza jibini, akakuta bonde limejaa mahema. Jeshi lilikuwa limekwama. Chakula kilikuwa kinakwisha, maji ya kijito yalikuwa yamekanyagwa na wanyama yakawa tope. Wageni wengi waliotoka nchi za kaskazini walikuwa wameshakata tamaa kwa joto wakarudi kwao. Waliobaki walisemezana kwamba njia isipopatikana ndani ya siku mbili na wao watarudi. Kasisi mmoja mwembamba, mwenye kikohozi, alimnunulia Velasko jibini yote, akamuuliza kama kuna njia.

Velasko hakuzoea kuulizwa. Alisema ipo.

Akasema pia aliijuaje, maana hakuona ubaya wowote. Kasisi akapiga magoti palepale kwenye tope. Baada ya hapo Velasko hakuachwa peke yake tena.

"Amekubali kuwaongoza?" Dakta aliuliza.

Hilo ndilo lililokuwa gumu kulieleza. Velasko alikuwa ameanza kukubali, kisha akamkumbuka Maimun. Maimun alikuwa mfuga nyuki wa upande wa kusini, Mwislamu, ambaye Velasko alikutana naye kwenye chemchemi karibu na jiwe la sita. Mara ya kwanza walikutana kila mtu akiwa ameshika fimbo yake vizuri. Mara ya pili walibadilishana jibini na asali. Kila mmoja alijua maneno kama arobaini ya lugha ya mwenzake, na mengi katika hayo yalikuwa matusi ya kuwatukania wanyama, basi waliyatumia hayo. Maimun alimwita Velasko "beberu," naye Velasko alimwita "nyigu." Kijiji cha Maimun kilikuwa chini kabisa ya njia ile. Mtu yeyote atakayeshuka kwa njia ya Velasko atatokea kwenye uwanja wao wa kupuria ngano.

Kwa hiyo Velasko alimwambia kasisi kwamba mwanamke yule alimwonyesha njia yeye peke yake. Hakumwambia ampeleke mtu. Akitaka jeshi lipite, na aje aseme. Kasisi akaenda kuwauliza wakubwa, akarudi na jibu. Kesho adhuhuri Velasko atasimama mbele ya wafalme. Sauti ikija, ataongoza. Isipokuja, basi ni mwongo au ni mtu wa mashetani, na kulikuwa na mwaloni karibu na hema la wafalme.

"Mwaloni wa nini?" aliuliza Dakta, kisha akaelewa, akaangalia dirishani.

Kule kwetu siku ikipita, kule kwao nayo imepita. Upenyo haurudi nyuma wala hauruki mbele. Tulikuwa na muda mpaka kesho adhuhuri, kama walivyokuwa nao wao.

Dakta alizungumza polepole. Alisema tukipiga hodi, watu wa Maimun watakufa, na wengine maelfu. Tusipopiga, Velasko atanyongwa, na hatujui ni nini kingine kitakachobadilika, au kama kuna kinachoweza kubadilika. Tukiacha kabisa kuingia, hiyo nayo ni kunyamaza. Alijaribu kutafuta mlango wa nne, akaniuliza kama ningeweza kumwambia Velasko neno jingine, kwa lugha yake, amdanganye kasisi akimbie. Nikamwambia nimeshalifikiria. Amezungukwa na watu wenye mikuki. Na nikishasema neno moja la lugha yake nitakuwa nimekwisha kuwa malaika. Mimi nilitaka tunyamaze.

"Nikuulize jambo, Bi Mwanaidi, na usinichukulie vibaya," alisema. "Kama jeshi lililokwama lingekuwa la upande wa pili, ungetaka kunyamaza vilevile?"

Niliiona haki ya swali lake. Mimi nasali Ijumaa na yeye husali Jumapili, na Baraza lililotutuma kazi hii lilituteua kwa sababu hiyohiyo. Watu wa leo bado wanarushiana mawe kwa ajili ya vita ile, kila upande na vitabu vyake, na Baraza lilitaka ushahidi wa mtu mdogo asiye na upande.

"Sijui," nikamjibu. "Napenda kusema ndiyo. Lakini sijui."

Akaitikia kwa kichwa. Nadhani jibu lingine lolote lingemfanya aniondoe kazini.

Tulikubaliana kuingia kimya. Tutashuhudia, maana ndiyo kazi yetu, lakini hatutatoa sauti. Nitauma kitambaa kwa meno. Dakta alisema uamuzi ni wake na dhambi ni yake, nami nikamwambia haviandikwi hivyo. Hakubisha. Shemdoe, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, alisema tu kwamba jiwe la kwanza limepumzika vya kutosha na litakuwa tayari.

Sikusema lililobaki moyoni. Nilikuwa nimechagua kijiji nisichokijua, nikamwacha mtu ambaye njaa yake nimeila kwa siku kumi na tisa.

4

Kesho yake, robo saa kabla ya adhuhuri yao, nilikaa kwenye kiti nikiwa na kitambaa mkononi. Dakta alisimama nyuma yangu. Kwenye kipaza sauti cha mezani, ambacho hushika sauti hata kabla picha haijafunguliwa, tulikuwa tunasikia vishindo vya watu wengi, farasi, na yule kasisi akikohoa.

Jiwe la kwanza lilikuwa limekaa siku kumi na sita bila kutumiwa. Jiwe lililolala hivyo huweza kufunguka kwa nguvu, na msikizi mmoja wa kabla yangu alipoteza jicho kwa namna hiyo. Kwa hiyo desturi ni kwamba fundi huvaa kofia kwanza, sekunde chache tu, kuhakikisha mwanga ni salama. Shemdoe amefanya hivyo mara nyingi kwa ajili yangu. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba huko nako ni kuingia. Hata mimi, na nilikuwa na kitambaa mkononi.

Alivaa. Akafunga macho, akageuza kitasa.

Baadaye alinieleza alichokiona. Kwa kawaida akifungua huona mawe, majani, mgongo wa kondoo. Safari hii aliona watu. Wafalme watatu wamekaa kwenye viti, maaskofu wamesimama, na nyuma yao nyuso na nyuso mpaka kwenye mteremko, zote zimemgeukia yeye, zote kimya, zinamngojea. Shemdoe alilelewa na bibi yake kule Bumbuli. Mtu aliyelelewa vile akijikuta ghafla ameingia barazani kwa watu na wote wanamtazama, mdomo haungoji akili.

"Hodi," alisema.

Mara moja tu, kwa sauti ya chini, kwa heshima yote.

Alijifunika mdomo kwa mikono miwili, lakini neno lilikuwa limeshavuka. Sikumlaumu, na hata leo simlaumu. Nilimvua kofia, naye akakaa sakafuni hapohapo alipokuwa amesimama. Dakta alisema neno moja la Kinyakyusa ambalo sijawahi kuuliza maana yake.

Nikavaa, nikauma kitambaa, nikaingia.

Velasko alikuwa amesimama na kofia yake ya ngozi mkononi. Kiganja chake kilikuwa kimelowa. Aligeuza kichwa kushoto, akakigeuza kulia, kama mtu anayetafuta sauti ilikotoka. Alizoea mwanamke, na mara tatu. Huyu alikuwa mwanamume, mara moja. Nilihesabu pumzi zake mpaka kumi na nne, na katika zile pumzi kumi na nne nilimwomba, kwa kichwa changu, bila sauti, aseme hajasikia kitu. Halafu nikauona mwaloni, kwa kuwa yeye aliutazama, nikamwomba asiseme hivyo.

Kasisi akamuuliza kama amesikia.

"Nimesikia," Velasko alisema.

Lazima niandike na hili, kwa kuwa niliahidi kuandika yote: nilipata nafuu. Ilikuwa nafuu ya mwili, kama mtu aliyetua mzigo, na ilikuja kabla sijakumbuka uwanja wa kupuria.

5

Alitangulia, nami nikatangulia ndani yake. Nyuma yetu walikuja wapelelezi wawili wenye vyeo, kisha wapanda farasi, kisha nikaacha kutofautisha. Ardhi ilitetemeka kupitia nyayo za viatu vyake.

Niliijua kila hatua. Pale palikuwa na jiwe la pili, ambapo Velasko aliwahi kulala mchana kutwa kwa homa. Pale palikuwa na la tatu. Njia ilikuwa pana kuliko nilivyokumbuka. Askari walikuwa wakiimba kwa sauti ndogo, na mmoja alimpa Velasko kiriba cha divai, akamwita baba. Alikunywa, nikaisikia ikishuka, kali na ya moto. Hakusema neno hata moja njia nzima, yeye aliyekuwa akimhadithia kondoo mpaka ndoto zake.

Kwenye chemchemi ya jiwe la sita alisimama ghafla. Mizinga ya Maimun ilikuwa palepale kwenye miamba, magome ya mti yaliyoviringishwa, nyuki wakiingia na kutoka. Mwenyewe hakuwapo. Mpelelezi aliuliza kama njia imeishia hapo. Mimi nikiwa ndani ya Velasko nilihisi mguu wake wa kulia ukitaka kurudi nyuma. Mguu tu. Kisha farasi wa mbele akamgusa begani kwa pua, naye akaendelea.

Kwenye mteremko wa mwisho wapelelezi walimwambia inatosha, wamekwisha kuona. Alirudishwa nyuma akae na wabeba mizigo. Nilivua kofia. Kitambaa kilikuwa kimetoboka.

Vita ilipiganwa siku ya tatu yake, na sikuiona. Velasko alikuwa nyuma ya kilima, akishika kamba za nyumbu. Nilisikia alichosikia yeye, mngurumo mmoja mrefu usio na maneno, kuanzia asubuhi mpaka mchana, na baadaye watu wakirudi wamejaa vumbi, wengine wakicheka, wengine wakilia, wakimwambia kwamba mtawala wa Waislamu amekimbia. Walimpa joho jekundu. Alilikunja, akalikalia.

Tuliendelea kuingia kila siku. Hakuna aliyepiga hodi tena. Shemdoe alikuwa akitoka nje ya chumba kabisa nikivaa kofia, anasimama uani kwenye mvua, na sikuweza kumshawishi arudi. Nilikaa na Velasko kama mgonjwa anavyokaliwa, tofauti ni kwamba mgonjwa hujua kuna mtu amekaa pembeni. Asubuhi ya nne baada ya vita aliwaachia wenzake kamba za nyumbu, akaondoka bila kuaga. Dakta alipoona mwelekeo wake alifungua mwenyewe sanduku la saba, ambalo lilikuwa halijaguswa, akalileta mezani.

6

Jiwe la saba lilikuwa la uwanja wa kupuria. Nilijua hilo kwenye ramani tu.

Uwanja ulikuwa wa mviringo, umesakafiwa kwa mawe, na ngano ilikuwa bado imelala juu yake, imekanyagwa na farasi. Nyumba zilizokuwa na paa la nyasi hazikuwa na paa. Harufu sitaiandika. Velasko alipita katikati polepole, akiwa amejifunga kitambaa puani. Kwenye ukuta wa mwisho Maimun alikuwa akichimba.

Alikuwa milimani na makundi yake mapya ya nyuki siku jeshi liliposhuka, ndiyo maana alikuwa hai. Alikuwa na jembe ambalo mpini wake ulikatika, akachimba akiwa amepiga magoti. Kando yake, juu ya mlango uliong'olewa, alilala mzee marehemu, baba yake, amefunikwa shuka hadi kidevuni. Maimun aliinua kichwa. Hakushika fimbo wala jembe kwa kumtisha. Alimwangalia Velasko kama mtu anavyoangalia hali ya hewa.

Velasko alipiga magoti upande wa pili wa shimo, akaanza kuchimba kwa mikono. Udongo ulikuwa mkavu na wenye changarawe. Nilihisi kucha ikinyanyuka, na maumivu yake, na yeye hakuacha. Wakachimba hivyo muda mrefu. Shimo lilipofika kwenye magoti Maimun alisimama, akajifuta uso kwa mkono wa kanzu, akauliza kwa yale maneno yao machache. Aliuliza nani aliwaonyesha njia.

Nikauma kitambaa. Nilijua jibu lake litakavyokuwa, na niliona ni haki. Angesema alitumwa. Angesema aliitwa na mwanamke, siku baada ya siku, kutoka jiwe hadi jiwe, na mwishoni mwanamume akamjia mbele ya wafalme, naye angefanya nini. Yote yangekuwa kweli. Nilitaka aseme hivyo. Nilitaka sehemu yetu itajwe pale mbele ya Maimun, hata kama ni kwa jina la malaika au la shetani, kwa kuwa mimi mwenyewe sikuwa na njia ya kuitaja.

Velasko alitazama mikono yake.

"Mimi," alisema.

"Wewe na nani?"

"Mimi peke yangu."

Kipaza sauti cha mezani kilikuwa wazi, na Dakta Nsajigwa aliyasikia maneno hayo, ingawa hakuyaelewa. Akaniwekea mkono begani. Ningeweza kutema kitambaa. Nilikuwa na maneno, miaka kumi na moja ya maneno. Ningemfikia Velasko tu, nikamwambia si kweli, si peke yako. Maimun asingesikia kitu. Angemwona rafiki yake akishtuka kwa sauti isiyokuwapo, na angeanza kutafuta sababu ya kumsamehe au ya kumwua. Sikujua ipi. Nilikaa na kitambaa mdomoni, nikaonja pamba na mate, na jua la kule likapanda.

Maimun aliangalia jembe, akalitupa kando. Kisha akaenda kwenye kichwa cha ule mlango uliolaliwa na baba yake, akainama, akaelekeza kwa kidevu.

"Shika miguuni," akasema.

Velasko akashika miguuni. Wakanyanyua. Mzee alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na mlango ulikuwa wa mti mgumu, na ukingo wake ukazama mahali palepale kucha ilipong'oka. Walimgeuza kwa uangalifu, hatua ndogondogo, Maimun akirudi nyuma na kuonyesha upande wa kibla ambao uso ulipaswa kuelekea.